KWin iko sawa, mwenye kiherehere ni hii programu ya mesiji

Nina saiba hapa Langoni, Lamu, mashine zake zatumia KWin, programu inayosimamia madirisha kwenye skrini, na leo nimekasirika kweli. Juzi juzi amekuja mama mtu mzima, anaingia akaunti yake ya eCitizen, nimegeuza uso ili aandike paswadi yake kwa nafasi, adonoa herufi mojamoja, mara dirisha la mesiji laruka mbele! Paswadi iliyobaki yote ikamwagikia humo, herufi wazi bila vidoti, akapiga enta, ikaenda kwa grupu la wauzaji wa jumla. "Mwanangu, mbona siri yangu iko nje?" Sikuwa na pa kuuweka uso wangu wallahi.

Na KWin kazi yake si ndiyo kuzuia hayo? Programu ikiomba kuja mbele iangaliwe kwanza mtu aligusa nini mwisho, kama hakuna aliyeiita iwake tu kule kwenye mstari wa chini isubiri. Kinga yenyewe huja ikiwa kiwango cha chini, nikaipandisha hadi cha juu, programu zingine zote zikatulia isipokuwa hii. Kumbe kwenye X11, ule mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, ombi hubeba namba ya anayeomba, 1 ni programu ya kawaida, 2 ni chombo kinachosema kwa niaba ya mtumiaji mwenyewe kama ule mstari wa chini. Hii yatuma 2! Uongo mtupu, kama mpita njia anayebisha hodi akidai ni mwenye nyumba. KWin imefuata kanuni, siilaumu, ingawa nikimkumbuka yule mama nailaumu kidogo.

Basi nikahamia Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo. Huko asiye na tokeni, yaani kibali, haji mbele, na tokeni hutolewa na KWin kwa programu uliyobofya, nayo ndiyo huipa ile inayofunguliwa. Raha kabisa nikasema hapa nimefika, kisha wateja wakaanza, wabofya linki kwenye barua pepe brauza yafunguka kwa nyuma, hawaioni, wabofya tena na tena tabu zajaa. Ile programu ya barua haipitishi tokeni! Ningetoa nyota mbili kwa hasira, lakini hapana, heri nizunguke kila meza nikiwaonyesha kinachowaka chini kuliko siri ya mtu kuanikwa tena. KWin yabaki. Ya mesiji nimeing'oa kwenye mashine zote, wa jumla wakinitaka wapige simu.