Matembezi ya Isecheno, msitu wa Kakamega: kwa mijusi, omba saa nyingine

Nyota nne kati ya tano. Waongozaji wa hapa wanaujua msitu vizuri sana, ila matembezi yenyewe yamepangwa kwa ajili ya ndege na mbega, ndiyo maana huanza alfajiri. Anayetafuta skinki, wale mijusi wadogo wenye magamba laini yanayong'aa, saa hiyo atarudi mikono mitupu. Joto la mwili wao hutegemea jua, nalo lisipofika chini hawatoki. Omba muanze saa tatu na nusu, siku isiyo na mawingu. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, basi mna hadi saa saba hivi.

Kivuli kizito kipiteni haraka. Simameni pale mti mkubwa ulipoanguka na kufungua mwanya wa jua. Juu ya magogo hayo ndiko huota jua skinki aitwaye Trachylepis maculilabris: tazama madoadoa midomoni na wekundu wa ubavuni. Msimchanganye na Trachylepis striata, mwenye mistari miwili myepesi mgongoni. Huyu hahitaji kulipiwa, anapanda kuta na nyua za watu kila mahali, tena huzaa watoto hai ilhali mwenzake hutaga mayai.

Wa kulipia ni Leptosiaphos kilimensis. Ni mdogo, mkia mrefu, miguu mifupi, na huishi ndani ya majani yaliyooza. Mara nyingi utaona majani yakitikisika tu. Hapo ndipo mwongozaji hulazimika kuinua gogo, na hapo ndipo kazi huharibika. Asitumie mkono mtupu: nyoka wa jamii ya bafe wapo msituni humu, na hulala kimya kwenye majani. Atumie fimbo yenye ndoano, akiliinua gogo kuelekea upande wake, ili aliye chini apate njia ya kukimbilia mbele. Kisha alirudishe lilivyokuwa. Gogo likiachwa limepinduliwa, unyevu hukauka na wadudu wanaoliwa na mjusi huyo huondoka. Nyota niliyoiondoa ni ya ratiba pamoja na magogo yaliyoachwa hivyo kando ya njia.

Mjusi asishikwe mkia. Utakatika, na akiba yake ya mafuta imo humo; unaoota upya hauna mifupa, ni gegedu tu.

Mkibahatika mtaona Feylinia currori, skinki asiye na miguu kabisa, mla mchwa. Hana sumu, lakini huuawa kwa kudhaniwa nyoka. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mnamtaka akiwa hai.

Vaeni gambuti, mbebe darubini inayoona vizuri hata mita mbili. Kutoka Kisumu, shukeni Khayega, mchukue boda kupitia Shinyalu, na mkubaliane naye bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda.