Picha za Kambi za Wasichana wa Marekani kwa Fundi wa Lamu: Tathmini ya Studio ya Kuchapisha Picha Kongwe

Studio za picha hazikosekani mjini Lamu, lakini nyingi huishi kwa picha za pasipoti, vitambulisho na harusi, na mtu anayetaka picha ya miaka mia moja iliyopita ichapishwe upya kwa uangalifu hana milango mingi ya kubisha hodi. Studio ninayoitathmini hapa iko katika kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui. Haina kibao, mwenyewe huitwa Fundi tu, na sifa yake imetokana na kazi ya kutia fremu picha za mababu ambazo familia huleta zikiwa zimekunjamana ndani ya masanduku. Sisi tulimpelekea kazi ya namna nyingine: seti ya picha za kambi za kiangazi za wasichana wa Marekani, za tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1920, zitakazotundikwa katika chumba ambamo wanafunzi wetu wa Girl Guides, yaani skauti wa kike, hukutana.

Seti hiyo ni kipimo kizuri cha studio yoyote kwa sababu imekusanya karibu kila aina ya tatizo: picha zilizotokana na negativu za kioo (vibamba vya kioo vilivyotumika kama filamu), picha ndogo za kamera za watoto, na picha ndefu za kundi zima zinazozidi urefu wa mkono. Isitoshe, thamani yake haimo katika sura za wasichana peke yake, bali katika vitu vidogo vinavyowazunguka. Camp Kehonka, iliyoanzishwa na Laura Mattoon huko New Hampshire mwaka 1902, ilikuwa miongoni mwa kambi za kwanza za wasichana nchini humo, wakati ambapo kambi za wavulana zilikwisha kuwapo tangu karne iliyotangulia. Mwaka 1907 Luther Gulick na mkewe Charlotte walianzisha kambi ya Wohelo kando ya ziwa Sebago, Maine, kisha mwaka 1910 wakaasisi Camp Fire Girls, chama cha wasichana. Juliette Gordon Low aliwaandikisha wasichana 18 wa kwanza wa Girl Scouts mjini Savannah tarehe 12 Machi 1912, na harakati ya Girl Guides ikafika Kenya mwaka 1920. Wanafunzi wetu walifahamu kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa Nyeri. Hawakuwahi kuona jinsi wasichana wa zama zake walivyoishi kambini.

Ukizitazama picha hizo kwa makini, jambo la kwanza kukushika ni mavazi. Wasichana wamevaa blauzi za kibaharia zenye kola pana mgongoni na tai iliyofungwa kifuani, pamoja na suruali pana zilizokazwa chini ya magoti, vazi ambalo msichana wa heshima asingethubutu kulivaa katika barabara za mji wakati ule. Kambini lilimwezesha kupiga kasia, kupanda mlima na kuchanja kuni. Mwanafunzi mmoja wetu, ambaye baba yake ni nahodha wa jahazi, aliuliza kwa nini wasichana waliokaa bara kando ya maziwa wavae kama mabaharia, na swali hilo lilizaa mazungumzo marefu kuliko somo lolote nililoandaa muhula huo. Mazungumzo ya namna hiyo hutegemea kola ionekane, mshono uonekane, na kamba ya hema iliyo pembeni isikatwe.

Hapo ndipo Fundi alipong'ara kwanza. Baadhi ya picha zetu zilikuwa za kamera ya Brownie, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, na ambayo ndiyo iliyowawezesha wasichana wenyewe kupiga picha za kambi badala ya kumsubiri mpigapicha wa mji. Picha ya Brownie ya kwanza ni mraba wa inchi mbili na robo, yaani chini kidogo ya sentimita 6. Tulitaka zikuzwe hadi ukubwa wa karatasi ya A3 zijaze ukuta. Fundi alitufungulia faili kwenye kompyuta, akaikuza mbele ya macho yetu hadi nyuso zikageuka chembe na madoa, kisha akasema, «Mwalimu, hii nikikukuzia hivyo nitakula pesa yako bure.» Alishauri zichapishwe kwa upana wa sentimita 15 tu, zikae katikati ya kadi nyeupe yenye pambizo pana, na kila fremu ibebe picha nne kama ukurasa wa albamu. Ushauri huo ulimpunguzia mapato, nasi ulitupa ukuta mzuri zaidi. Kwa A3 alitaka faili yenye pikseli zisizopungua 3508 kwa 4961, ili pawe na nukta 300 kwa kila inchi, na za namna hiyo tulizipata katika picha zilizotokana na negativu za kioo. Mfano wake ni zile za Bain News Service, shirika la picha za habari la New York, zinazohifadhiwa na Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani mjini Washington, ambayo huruhusu watu kupakua faili kubwa bila malipo.

Kasoro kubwa ya studio ilijitokeza katika picha ndefu. Kamera iitwayo Cirkut, iliyopewa hataza mwaka 1904, ilikaa juu ya miguu mitatu na kuzunguka polepole kwa mtambo kama wa saa, huku filamu ikipita ndani yake, hata kundi la wasichana waliosimama nusu duara likatokea kama safu moja iliyonyooka. Kwa kuwa ilichukua muda kufika mwisho wa safu, mtundu aliyesimama mwanzoni aliweza kukimbia nyuma ya wenzake na kujipanga tena upande wa pili, akatokea mara mbili katika picha moja. Picha yetu ina msichana wa namna hiyo, na ndiyo sababu tuliichagua. Kijana anayeendesha mashine, akitaka picha iingie katika fremu iliyokwisha kutengenezwa, aliipunguza pande zote mbili, na utundu wote ukabaki kwenye sakafu ya studio pamoja na maandishi ya mkono yaliyokuwa kwenye ukingo wa chini. Si kosa la mashine, maana wanayo ya karatasi ya roli yenye upana wa sentimita 61, ambayo inaweza kuchapa urefu wowote unaohitajika. Ni mazoea ya picha za harusi, ambako ukingo ni kitu cha kukatwa. Fundi alipoonyeshwa hakubishana; alichapisha upya kwa gharama yake na kutengeneza fremu nyingine, ingawa kazi ilichelewa na sherehe ya kutundika ikabidi isogezwe mbele.

Niseme pia juu ya huduma yao ya kusafisha na kutia rangi, ambayo siipendekezi kwa picha za aina hii. Programu wanayotumia huondoa mikunjo na madoa vizuri, na kwa picha ya babu iliyoliwa na unyevu huenda hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ilipojaribiwa juu ya picha moja yetu ilizilainisha nyuso hadi wasichana wote wakafanana kama ndugu wa tumbo moja. Rangi nazo zilikuwa za kubahatisha tu. Filamu nyingi za wakati ule hazikuhisi mwanga mwekundu, bali zilihisi sana ule wa buluu. Kwa hiyo tai nyekundu hutokea karibu nyeusi, na mbingu ya buluu hutokea nyeupe tupu bila wingu. Programu haina habari hiyo, hivyo huivika tai rangi ya kaniki na kuiacha anga kama siku ya masika. Tulikataa rangi, tukaomba vumbi pekee liondolewe, na matokeo yakawa safi na ya kweli.

Huduma ya kuchapa maelezo chini ya picha, kwa upande mwingine, ni ya lazima, na ni ya bei nafuu. Chukua picha za Camp Fire Girls wakiwa wamevaa magauni yenye ncha za ngozi na shanga, nywele zimesukwa misuko miwili, wamezunguka moto. Mtazamaji wa Lamu anaweza kudhani hawa ni wenyeji asilia wa Marekani. Sivyo. Walio wengi walikuwa mabinti wa Kizungu, na wale waliokwenda katika kambi za kulipia walitoka katika familia zenye uwezo. Walijichagulia majina na mavazi ya kuigiza yale ya wenyeji hao katika miaka ileile ambayo watoto halisi wa wenyeji walikuwa wakipelekwa shule za bweni kama ile ya Carlisle, Pennsylvania, iliyodumu tangu 1879 hadi 1918, ambako walikatwa nywele na kukatazwa lugha za mama zao. Picha hiyo ikitundikwa bila maelezo huwa inasema uongo kwa ukimya. Tulipeleka maandishi yetu wenyewe, nao wakayachapa kwa herufi zinazosomeka, ndani ya kadi ileile ya pambizo, bila kuongeza mapambo.

Kuhusu vifaa, hapa ndipo studio hii inawashinda wengi, kwa sababu Fundi anaijua hewa ya kisiwa. Karatasi inayong'aa hunata kwenye kioo wakati wa unyevunyevu, na ukiitoa hubandua picha. Yeye hutumia karatasi nzito isiyong'aa, huacha nafasi kati yake na kioo kwa kadi ya pambizo, na huziba mgongo wa fremu kwa utepe ili vumbi na wadudu wasipenye. Wino wake ni wa chembe za rangi, si ule wa kuyeyuka unaopauka upesi kwa jua. Mbao ndizo zinazohitaji mteja awe macho. Fremu za mwembe ni rahisi, lakini bungua huzipenda. Mninga hugharimu zaidi na hudumu. Mafundi wa kuchonga anaoshirikiana nao wana mkono wa ajabu, ila maua na minyororo ya milango ya Lamu ikizunguka picha ndogo ya kijivu huimeza kabisa, nami nilifarijika alipokubali fremu nyembamba zenye mstari mmoja tu wa nakshi. Nakshi nzito aibakishie vioo vya sebuleni.

Tulilipa shilingi 600 kwa kila picha ya A3, shilingi 2,500 kwa fremu ya mninga ya ukubwa huo pamoja na kioo, na shilingi 4,500 kwa fremu ya picha ndefu. Maelezo yalikuwa shilingi 100 kwa kila kadi. Kwa kazi iliyofanywa kwa mkono, naziona bei hizi kuwa za haki. Usafirishaji hawautozi ndani ya mji, na fremu zetu zilifika zikiwa zimefungwa magunia, bila kioo hata kimoja kupasuka, jambo ambalo si dogo katika vichochoro ambamo punda aliyebeba mawe hampishi mtu.

Anayekusudia kuwapa kazi ya picha kongwe aombe kuona kila picha kwenye kompyuta ikiwa na kingo zake zote, kisha aandike kwenye risiti kwamba pasikatwe kitu bila idhini, na ukubwa wa fremu uamuliwe baada ya picha kuchapishwa. Nusu ya malipo hutolewa mwanzoni. Asipeleke kazi karibu na Maulidi, wala karibu na tamasha la utamaduni, maana wakati huo studio hujaa wageni na kijana wa mashine huachwa peke yake. Ni afadhali kumkuta Fundi mwenyewe, asubuhi, kabla ya adhuhuri.