Cheni ya pikipiki nyumbani: sprei, nta au oili ya gia? Uzoefu wangu

Kazi ya cheni kwangu haiendi kwa fundi. Naifanya mwenyewe nyumbani, kwenye pikipiki yangu yenye cheni ya oringi (vipete vidogo vya mpira kwenye kila kiungo) na kwenye ile ndogo ya mdogo wangu, ambayo cheni yake ni ya kawaida, saizi 428 isiyo na oringi. Nimeshatumia vilainishi vya aina tatu: sprei ya kunata, nta ya cheni, na oili ya gia, ile SAE 80W-90. Niseme mapema kwamba naegemea oili ya gia, ingawa sprei na nta nazo zina mahali pake.

Kabla ya kusifia kopo lolote, ni vizuri kujua linakwenda kufanya nini. Ndani ya kila kiungo cha cheni kuna pini inayojizungusha ndani ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma, na hapo ndipo cheni inapolika hadi ikarefuka. Kwenye cheni ya oringi, grisi ya sehemu hiyo imefungiwa humo tangu kiwandani, na zile oringi zinailinda isitoke huku zikizuia vumbi na maji visiingie. Kwa hiyo unachopaka kwa nje hakifiki kwenye pini. Kinalainisha rola (vigurudumu vidogo vya cheni) zinapokutana na meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayobeba cheni, kinazuia kutu, na kinafanya ule mpira usikauke. Nilipolielewa hilo niliacha kuhangaika na maandishi makubwa ya kwenye makopo. Kwa cheni ya oringi, kilainishi chochote kisichodhuru mpira kitafanya kazi, mradi kipakwe mara kwa mara juu ya cheni safi.

Cheni ya mdogo wangu ni habari nyingine kabisa. Ile haina grisi iliyofungiwa, kwa hiyo kilainishi lazima kipenye chenyewe hadi kwenye pini. Hapo oili ya gia inaiacha sprei mbali, kwa sababu inaingia kwenye mianya badala ya kugandia juu.

Kusafisha natumia mafuta ya taa. Yanayeyusha ule mchanganyiko mweusi wa oili na vumbi bila kuudhuru mpira wa oringi. Petroli siigusi kwa kazi hii: inaharibu oringi, na mvuke wake unadaka moto kwa cheche ndogo tu. Mafuta ya taa nayo yanawaka, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, penye hewa, mbali na jiko na sigara. Brashi ya waya pia hapana, inakwaruza na kukata oringi. Mashine ya maji yenye presha ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Watu wanaipenda kwa kuwa cheni inatoka inang'aa, lakini maji yale yanaweza kusukumwa hadi ndani ya oringi, na yakishaingia hayana pa kutokea.

Brashi ninayotumia ni ile ya pande tatu iliyotengenezwa kwa ajili ya cheni. Unaikumbatisha kwenye cheni, unazungusha tairi, na inasugua juu na ubavuni kwa mpigo mmoja. Imenipunguzia muda kweli. Kasoro yake ni kwamba nyuzi hulala mapema, na upande wa ndani hauufikii vizuri, hivyo bado namalizia kwa mswaki wa zamani. Asiyekuwa nayo asijione amekosa kitu, mswaki na uvumilivu vinatosha.

Pikipiki naipandisha kwenye stendi ya kati, gia huru, injini imezimwa na ufunguo nimeutia mfukoni. Nalisisitiza hili kwa moyo wote: usiwashe injini na kutia gia ili tairi lijizungushe lenyewe wakati unasafisha au kupaka. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi kinavuta mkono, na vidole hukatika kabla hujapata nafasi ya kuuondoa. Zungusha tairi kwa mkono, taratibu. Nyuma ya cheni naweka kipande cha boksi ili mafuta yasirukie tairi wala diski ya breki. Napaka mafuta ya taa kwa brashi, naacha dakika chache uchafu ulegee, nasugua, kisha nafuta kwa tambara kavu. Tambara likiendelea kutoka jeusi, narudia. Baadaye naiacha ikauke kabisa, kwa kuwa oili ikipakwa juu ya mafuta ya taa inakuwa nyepesi na kutiririka.

Sasa kwenye vilainishi vyenyewe. Sprei ya kunata ndiyo rahisi kupaka, na ikishakauka hairuki hovyo. Kwa anayekimbia masafa marefu kwenye lami, naielewa kabisa. Shida yake ni vumbi. Kwenye barabara ya udongo, ule utando unakamata mchanga na kugeuka kuwa msasa unaozunguka na cheni, na siku ya kusafisha unang'ang'ania. Ukiinunua, hakikisha kopo limeandikwa kuwa inafaa kwa cheni za oringi.

Nta ndiyo safi kuliko zote. Rimu inabaki nyeupe, na vumbi halishiki sana. Ila inataka cheni iliyosafishwa vizuri na yenye joto kidogo ili isambae, na mvua ikinyesha mfululizo nimeona kutu inaanza kujitokeza kwenye sahani (vibati vya pembeni vya viungo) mapema kuliko kwa oili. Kwa msimu wa kiangazi naipa alama za juu.

Oili ya gia inarusha matone kwenye rimu, na inabidi upake mara nyingi zaidi. Hizo ndizo dosari zake mbili, na nimezikubali. Faida yake ni kwamba inapenya, inaosha uchafu badala ya kuushikilia, na kuifuta ni kazi ndogo. Naitia kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, nadondosha kwenye mstari wa chini wa cheni, upande wa ndani unaoelekea sproketi, tone moja kila ukingo pale sahani zinapokutana. Cheni ikizunguka, oili inasukumwa kuelekea nje, kwa hiyo iliyoanzia ndani inapita sehemu zote. Kisha nafuta ile iliyobaki juu. Wengi wanaruka hatua hii wakidhani oili nyingi ndiyo ulinzi, kumbe ya ziada inaruka tu na kubeba vumbi. Napenda kufanya hivi jioni baada ya kutoka safari, cheni ingali na joto, ili ilale na oili hadi asubuhi.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini siipendekezi hata kidogo, japo wengi wanaitumia. Ina masizi na chembe za chuma, yaani unapaka kile kile ulichotoka kukisafisha.

Ni lini upake? Vitabu vingi vya pikipiki vinataja kati ya kilomita 500 na 1,000. Mimi sisubiri kilomita ikinyesha mvua. Nikifika nakausha cheni na kupaka siku hiyo hiyo.

Kusafisha kunakupa pia nafasi ya kuikagua cheni, na hapo ndipo naona faida kubwa ya kuifanya kazi hii mwenyewe. Napima mlegeo, yaani cheni inavyopanda na kushuka ukiisukuma kwa kidole, katikati ya mstari wa chini, sehemu kadhaa huku nikizungusha tairi. Pikipiki nyingi za barabarani zinataka milimita 25 hadi 35, lakini kipimo sahihi ni kile cha kitabu chako. Ikikaza sehemu moja na kulegea nyingine, imelika bila usawa. Urefu nao unapimika: kwa cheni ya 428, viungo 20 vikiwa vipya ni milimita 254, na kwa 520 ni milimita 317.5. Ikizidi hapo kwa asilimia 2 hivi, hakuna oili itakayoirudisha. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili, maana meno yaliyolika yataila cheni mpya haraka. Kama cheni inaungwa kwa klipu, upande wa klipu uliofunga uelekee kule cheni inakokwenda.

Mafuta ya taa yaliyotumika siyamwagi mtaroni. Nayaweka kwenye chupa yenye alama, mbali na watoto, hadi tope litue chini. Yaliyo juu, yakishakuwa meupe, nayachuja na kuyatumia tena kwa msuguo wa kwanza, na yale safi nayaacha kwa kumalizia.