Mfuniko wa tenki la mafuta: upi ununue, upi uuache dukani

Mfuniko wa tenki ukisahaulika kituoni, wengi huchomeka tambara kwenye shingo ya tenki na kuendelea na safari. Siku wakipata nafasi ya kwenda kwenye maduka ya spea, Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), hununua wowote unaoingia na kukaza. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kudhani mfuniko ni kizibo. Mfuniko ni vali. Mifuniko miwili inaweza kuingia shingo ileile, mmoja ukaacha tenki lipumue vizuri, mwingine ukalinyonga au ukamwaga petroli kwenye kona. Kwa hiyo orodha hii, iliyopangwa kuanzia mfuniko bora hadi mbovu, haitazami upi unaingia. Inatazama upi unapumua unavyotakiwa.

Pampu ikivuta lita moja ya mafuta, lita moja ya hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, ombwe linajengeka ndani: injini inakohoa na kuzima, pampu inafanya kazi ya ziada, na tenki la bati jembamba au la plastiki linaweza kubonyea. Jua likiwa kali hali inageuka. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kila joto linapopanda digrii moja. Lita 60 zilizotoka kwenye tenki la ardhini zikipashwa joto digrii 15 zaidi huongezeka kwa karibu lita 0.85, na zinataka pa kwenda. Mvuke nao ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo haupai. Unatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye shimo la gereji, na unaweza kushika moto ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa. Dizeli haina haraka hiyo, lakini ikimwagika barabarani inateleza kama sabuni.

Kabla ya kutoa pesa, jua tenki lako linapumulia wapi

Magari madogo ya petroli yenye injeksheni, kama Vitz, IST, Probox na Premio, hayapumulii kwenye mfuniko. Mvuke hupita mpira mwembamba hadi kwenye kopo la mkaa, unashikwa humo, kisha injini inauvuta na kuuchoma. Mfuniko wake hufunga kabisa, na vali yake ndogo ya kuingiza hewa ni ya dharura tu, njia ya kopo ikiziba.

Pikipiki nyingi za kabureta, jenereta ndogo na pampu za maji hupumulia mfunikoni penyewe. Tundu likiziba, hakuna njia nyingine.

Malori na matrekta yanatofautiana, na hapo ndipo watu wengi huumia. Tazama juu ya tenki. Ukiona vali ndogo yenye mpira unaoshuka chini, tenki lina njia yake ya hewa na linataka mfuniko usiopumua. Usipoiona, mfuniko lazima upumue. Ukikosea upande wa kwanza, dizeli itachuruzika ubavuni gari likipanda mlima na tenki limejaa. Ukikosea upande wa pili, tenki la alumini litajikunja.

Na je, mfuniko ndio mbovu kweli? Endesha mpaka injini ianze kukosa nguvu, simama mahali salama, fungua mfuniko polepole. Ukisikia hewa inavutwa kwenda ndani kwa nguvu, na injini ikawaka vizuri mara moja, njia ya hewa imeziba. Hewa kidogo kusukumwa kwenda nje gari likiwa la moto ni kawaida kwa magari yenye kopo la mkaa. Usinunue kitu kwa sababu ya mlio huo tu. Harufu inayokuja tenki likijaa na kupotea likifika nusu mara nyingi si ya mfuniko pia: kagua mpira wa shingo na gasketi ya geji iliyo juu ya tenki.

Nafasi ya 1: jenuini mpya, kwa namba ya spea

Usiagize kwa kusema “mfuniko wa Premio”. Peleka namba ya chesisi, muuzaji aiingize kwenye katalogi atoe namba ya spea, kwa sababu gari la jina moja hubadilishiwa mfuniko kutoka toleo hadi toleo. Unacholipia ni springi ya vali iliyopimwa, gasketi inayostahimili petroli, na ule utaratibu wa “kla-kla-kla” unaozuia kukaza kupita kiasi. Ukikaza, endelea mpaka ilie angalau mara moja, kisha acha. Mfuniko usiolia, wakati ulipaswa kulia, umekwisha au ni feki.

Kwenye gari lenye kompyuta inayokagua mvuke, mfuniko mbaya huwasha taa ya injini kwa msimbo wa hitilafu P0455, P0456 au P0457. Ya mwisho inasema wazi: mfuniko umelegea au haupo. Anza hapo kabla fundi hajakuuzia kopo zima la mkaa.

Nafasi ya 2: wa kampuni nyingine yenye katalogi

Stant, Gates na Febi hutengeneza mifuniko na kutaja inaingia gari gani. Kwa pesa pungufu unapata karibu kazi ileile. Sharti ni moja: boksi liwe na namba inayoweza kutafutwa, na katalogi iseme kama mfuniko unapumua au haupumui. Boksi lenye picha ya gari na neno “Original” peke yake halikuambii kitu.

Nafasi ya 3: wa mtumba kutoka Japani

Mwili wake mara nyingi ni mzuri kuliko wa bei rahisi mpya. Gasketi ndiyo iliyochoka. Ibonyeze kwa kucha: ikibaki na alama, au ikiwa na nyufa ndogo pande zote, badilisha. Nunua mpira wa naitrili au Viton, aina zinazostahimili petroli, wa kipenyo na unene uleule. Usikubali ile inayokatwa kwenye tyubu ya tairi. Petroli inaivimbisha, inajikunja, kisha vipande vyake vinaishia kwenye chujio la pampu. Gundi ya silikoni pia haifai, kwani hulainika kwenye petroli na kubanduka.

Mfuniko wa mtumba lazima upimwe vali. Usitumie mdomo, petroli ni sumu. Chukua sirinji ya mililita 60 na kipande cha mpira, ubane kwenye tundu la vali upande wa chini, ule unaotazama tenki:

Vuta sirinji. Mfuniko wa aina yoyote, isipokuwa wa lori usiopumua, unatakiwa uachie hewa ipite; wenye vali utakataa kidogo kwanza, kisha uachie.
Sukuma taratibu. Wa gari lenye kopo la mkaa unatakiwa ushikilie, na ukiachia pistoni irudi yenyewe. Wa pikipiki unaopumua utapitisha hewa polepole.

Unaokataa pande zote mbili, kama si ule wa lori usiopumua, umeganda. Unaopitisha kama bomba wazi pande zote mbili hauna vali tena. Yote miwili irudishe mezani kwa muuzaji.

Nafasi ya 4: wa ufunguo

Unafaa pale ambapo wizi wa mafuta ni shida halisi, hasa malori yanayolala njiani na pikapu. Kwa malori pima shingo kwanza: saizi za milimita 60 na 80 ndizo utakazokutana nazo sana. Muulize muuzaji swali moja tu, “huu unapumua?”, na asipojua upime kwa sirinji. Chagua wenye kifuniko kidogo juu ya tundu la ufunguo, maana vumbi na maji ya mvua hupitia humo hadi kwenye dizeli. Kwa gari dogo ambalo mlango wa tenki unafunguliwa kwa ndani, pesa hiyo itumie kwingine.

Nafasi ya 5: ule “unaoingia gari zote”

Mpira unaotanuka ukikazwa. Wa kukufikisha nyumbani, basi. Hauna vali ya maana, na gari likipinduka hakuna wa kuuamini. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu tenki lililopinduliwa kuvuja gramu 30 tu kwa dakika, yaani karibu mililita 40 za petroli. Kizibo cha mpira kikitoka, lita zinamwagika.

Tambara halina nafasi. Linafyonza petroli kama utambi wa koroboi, na ncha iliyo nje ndiyo inayosubiri cheche.

Pikipiki zina habari yake

Boxer au HLX inazima baada ya kilomita chache, dereva anafungua mfuniko, inawaka, anaendelea. Fundi wa kijiweni anachukua msumari na kutoboa mfuniko juu. Siku hiyo pikipiki inakuwa imepona, na matatizo mapya matatu yameingia. Mvua inapitia tundu hilo na maji yanakaa chini ya tenki, karibu na koki. Breki ya ghafla inarusha petroli juu ya tenki, kuelekea injini ya moto na mapaja ya dereva. Pikipiki ikilala, tenki linamwagika moja kwa moja.

Mfuniko wa kiwandani una njia ya hewa inayopinda ndani, ili hewa ipite na mafuta yachelewe. Kinachoiziba ni vumbi, nta ya kung'arishia na matope yanayosukumwa na mashine ya kuoshea yenye presha. Kabla ya kununua mwingine, vua mfuniko, puliza kwa hewa ya kompresa kutoka upande wa chini, uuloweke kwenye petroli kidogo, puliza tena. Hewa ikipita, umeokoa pesa. Isipopita, au ukiwa umeshatobolewa, nunua mpya wa modeli yako na usihamishe ule wa modeli nyingine hata kama ufunguo unakubali.

Ukiufunga, ujaribu nje, injini ikiwa baridi na hakuna mtu anayevuta sigara karibu. Tenki likiwa nusu, laza pikipiki pembeni kwa sekunde 30. Matone machache yanavumilika. Mchirizi unamaanisha gasketi haikai sawa.

Ukifunga tenki la ziada, mfuniko pekee hautoshi

Kwa pikapu au lori linaloongezewa tenki, nunua pia vali ya kuzuia mafuta gari likipinduka. Ndani ina gololi au boya linaloziba njia gari likilala. Ifungwe sehemu ya juu kabisa ya tenki, ikiwa wima. Ikifungwa upande inafunga wakati haifai.

Kutoka hapo, mpira wa hewa wa milimita 8 upandishwe kwanza juu ya kimo cha tenki, karibu na mdomo wa shingo, ndipo ushuke. Ukishuka moja kwa moja, siku mafuta yakiingia ndani yake yataanza kujivuta yenyewe kama mtu anavyonyonya kwa mpira kutoka kwenye dumu, na hayatakoma mpaka usawa wake ndani ya tenki ushuke chini ya mahali mpira unapoanzia. Ncha ikatwe mshazari, itazame chini, iwe mbali na ekzosi na betri, na kamwe isiishie ndani ya kabini.

Njia hiyo ni ya kupumua tu. Wakati wa kujaza, pampu ya kituo hutoa lita 35 hadi 40 kwa dakika, na hewa kiasi hichohicho lazima itoke. Weka mpira wa pili, wa milimita 12 hadi 16, kutoka juu ya tenki hadi juu ya shingo. Bila huo, pampu itakatika kila baada ya lita mbili na kukutemea mafuta mkononi.

Aina ya mpira soma ubavuni. Kwa kiwango cha SAE J30 cha mipira ya mafuta, R6 inatosha kwa shingo na njia ya hewa, R7 hufaa pia kwa mvuke, R9 ni ya injeksheni, na R10 ndiyo pekee ya kuzamishwa ndani ya tenki. Mpira mweupe unaopitisha mwanga, ule unaouzwa kwa mita, hugeuka mgumu kama kijiti na kupasuka penye klipu. Mpira wa rejeta huvimba. Klipu tumia zenye ukingo laini. Za meno zikikazwa sana hukata mpira taratibu.

Na kama tenki la zamani linavuja, usilipeleke kuchomelewa eti ni tupu. Tenki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lipulizwe mpaka harufu iishe, na hata hapo fundi azoeaye kazi hiyo ndiye aliguse.

Vali bora kuliko zote haitakusaidia ukijaza hadi shingoni. Kanuni za Marekani zinataka matenki ya malori yaundwe yasiweze kujazwa zaidi ya asilimia 95 katika ujazaji wa kawaida, kwa sababu mafuta yanahitaji pa kutanukia. Pampu ikikatika mara ya kwanza, mwambie mhudumu aache. Ile “ongeza ifike elfu kumi kamili” kwenye gari lenye kopo la mkaa husukuma petroli ya maji hadi kwenye mkaa, na kopo likishalowa halirudi kuwa jipya: gari linagoma kuwaka vizuri kila ukitoka kujaza, na bei ya kopo haifanani kabisa na ya mfuniko.