BenQ Zowie XL2546K: Monita ya Gemu za Kasi, na Gharama ya Kasi Hiyo

Anayetafuta monita kwa ajili ya gemu za kufyatuliana risasi, kama Counter-Strike 2 au Valorant, hukutana mapema na jina la Zowie, kwa kuwa monita za chapa hiyo ya BenQ zimepangwa mezani kwa miaka mingi katika mashindano makubwa ya Counter-Strike. XL2546K, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo ninayoitumia: inchi 24.5, pikseli 1920 kwa 1080, na uwezo wa kubadilisha picha mara 240 kwa sekunde, yaani Hz 240. Ukizisoma tu, sifa hizo hazina maajabu, na fedha hiyo hiyo inaweza kukupatia monita pana zaidi yenye rangi nzuri zaidi. Tofauti huanza kuonekana pale kitu kinapotembea.

Monita ya Hz 60 huishikilia kila picha kwa takriban milisekunde 16.7 kabla ya kuleta nyingine, ilhali ya Hz 240 huishikilia kwa milisekunde 4.2. Jicho linalomfuata adui anayekatiza huteleza mfululizo, na kwa kuwa picha yenyewe imesimama tuli wakati jicho linasonga, adui huonekana kama amepakwa ukungu. Akikatiza kwa kasi ya pikseli 1,000 kwa sekunde, ukungu huo hufikia upana wa pikseli 17 hivi katika Hz 60, na 4 tu katika Hz 240. Kwa hiyo maandishi ya «1 ms» (milisekunde 1) yaliyojaa kwenye maboksi ya monita yasimbabaishe mnunuzi, maana yanaeleza jinsi pikseli inavyoweza kubadili rangi upesi katika hali iliyo bora kuliko zote, wala si muda ambao picha inakaa mbele ya jicho.

Zowie wameongeza DyAc+, ambayo huizima na kuiwasha taa iliyo nyuma ya kioo sambamba na kila picha, ili jicho lipate mmweko mfupi badala ya picha iliyoganda. Ukimimina risasi za AK-47 ukutani bila DyAc+, alama ya kulengea na matundu ya risasi huchanganyikana. Ukiiwasha, unaliona tundu moja moja na kuurekebisha mkono risasi zikiwa bado zinatoka. Kwangu hiyo peke yake ndiyo sababu ya kuinunua monita hii. Hata hivyo, mwanga hupungua kiasi, wapo ambao macho yao huchoshwa na mmweko huo, na DyAc+ haifanyi kazi pamoja na FreeSync (inayolinganisha kasi ya monita na fremu za kadi ya michoro), hivyo ni lazima kuchagua moja.

Stendi yake ni imara na ina alama za vipimo, ili mchezaji akumbuke kimo alichokizoea. Kidude kidogo cha waya kiitwacho S-Switch hubadilisha mipangilio kwa kubonyeza mara moja, jambo linalomwepusha mtu na kupapasa vitufe vya pembeni.

Udhaifu wake mkubwa ni paneli, yaani kioo kinachotoa picha, ambayo ni ya aina ya TN. Rangi zimepauka, weusi unaelekea ukijivu, na ukiteremka kidogo kitini sehemu ya juu ya kioo hubadilika sura. Wawili wakikaa upande kwa upande kucheza mpira, kila mmoja ataona rangi zake. Spika haina, na herufi si laini kwa anayeandika siku nzima. Mhariri wa picha asiiguse.

Kabla ya kulipa, mtu aitazame kwanza kompyuta yake. Kama kadi ya michoro haifikishi fremu (picha) 240 kwa sekunde, sehemu kubwa ya ulichonunua inakaa bure. PlayStation 5 nayo haivuki 120. Baada ya kuiunganisha kwa kebo ya DisplayPort, ingia katika mipangilio ya Windows uchague Hz 240, maana mara nyingi hubaki 60 bila mwenyewe kujua. Nasi tulio Dar es Salaam au Nairobi, ambao mechi zetu za Counter-Strike hupitia seva kama za Johannesburg na Dubai, tusitegemee kwamba monita itafupisha safari hiyo: milisekunde zinazopotea njiani ni nyingi kuliko hizo 12 na ushei zinazookolewa kwenye kioo.

Ambaye kompyuta yake inaishia chini ya fremu 150 atatoshwa na paneli ya IPS (aina yenye rangi nzuri kuliko TN) ya Hz 144 au 165, na fedha inayobaki aielekeze kwenye kadi ya michoro. Anayeitaka Zowie kwa bei nafuu anaweza kutafuta ya mtumba, kwani mdogo wake, XL2546X mwenye DyAc 2, ameshatoka. Aiwashe papo hapo dukani, aweke picha nyeupe tupu kisha nyeusi ili kutafuta pikseli zilizokufa, na aulizie S-Switch kabla ya kuondoka, kwa sababu huchomoka na ni rahisi kupotea.