Shingo ya Gitaa Kavu: Pana au Nyembamba?
Kati ya magitaa makavu, yaani yasiyotumia umeme, gitaa la nyuzi za nailoni lina shingo yenye upana wa takriban milimita 52 karibu na kichwa, na ubao wake wa kubania nyuzi ni bapa, ilhali la nyuzi za chuma huwa na milimita 43 hadi 45 hivi, ubao ukiwa umebinuka kidogo. Tofauti hiyo, ingawa haifikii upana wa kidole, huhisiwa mara moja: kwenye shingo pana kidole hakizibi uzi wa jirani, lakini anayezoea kupitisha kidole gumba juu ili abane uzi wa besi ataona mkono haufiki. Mimi, mwenye vidole vifupi, huchagua nyembamba. Nyuzi za chuma huuma, na mara nyingi shingo hulaumiwa kwa kosa la nyuzi zilizoinuka mno juu ya ubao. Basi jaribu kubana kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F kwenye freti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha chuma kilichokatiza shingo, kabla ya kulipia gitaa.