Mshenga wa mtandaoni wa Pune: kazi anaijua, na hapo ndipo penye shida

Nilikopanga chumba hapa Pune, mwenye nyumba ni mjane wa Kibrahmin ambaye mtaa mzima unamwita Kaku. Sharti lake lilikuwa moja: nyama na mayai visiingie jikoni kwake. Nikakubali, kodi ni nafuu. Kwa kuwa kazi yangu ni ya kompyuta, nikajikuta na jukumu ambalo halikuwa kwenye mkataba, la kumfungulia mwanawe akaunti kwenye tovuti ya kutafuta wachumba. Jina la tovuti silitaji. Ziko nyingi India na utaratibu wao haupishani sana. Tathmini hii ni ya mtu asiyetafuta mume, aliyeshika kipanya tu.

Usajili ni mwepesi, na umepangwa vizuri kuliko fomu nyingi nilizowahi kujaza nchi hii. Jina, elimu, mshahara, saa ya kuzaliwa mpaka dakika yake kwa ajili ya nyota, urefu, rangi ya ngozi (kuna chaguo la "rangi ya ngano", sikutunga), unakula nyama au huli. Halafu dini. Ukibonyeza Mhindu, inafunguka orodha ya matabaka, na hapo niliacha kubonyeza nikaanza kusoma.

Shuleni tulisoma kwamba matabaka ya Wahindu ni manne, Brahmin, Kshatriya, Vaishya na Shudra, na nje yao wale walioitwa wasioguswa, ambao wengi wao leo hujiita Dalit. Kwenye orodha hiyo manne hayaonekani. Zilizopo ni jati, yaani matabaka madogo madogo ambamo mtu huzaliwa, mamia kwa mamia, kwa mpangilio wa alfabeti: Mali, Maratha, kisha Maratha wa zile koo 96 wakiwa na mstari wao peke yao. Wabrahmin wamejaza kurasa. Kaku alisogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo. "Deshastha, beta. Angalia usiguse huyo wa chini, huyo ni Kokanastha." Wote ni Wabrahmin, wote wanazungumza Kimarathi. Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akanieleza kwamba hawa asili yao ni bara na hao ni pwani ya Konkan, na mapishi hayafanani, akaniangalia kama aliyemaliza somo.

Baada ya tabaka inakuja gotra, ukoo wa upande wa baba unaohesabiwa hadi kwa mzee mtakatifu wa zamani. Wa gotra moja hawaoani, ni kama ndugu. Kwa hiyo mchumba atoke ndani ya tabaka lakini nje ya gotra, na programu inafanya mchujo huo wa pande mbili kabla hujainua kikombe cha chai. Inalinganisha na nyota pia: alama ni 36, chini ya 18 wazazi wengi hawataki hata kuona picha. Kijana alipata 27 na binti mmoja wa Nashik, Kaku akaingia jikoni kupika shira, ile halua yao ya semolina.

Kiufundi sina lalamiko kubwa. Utafutaji ni wa haraka, namba za simu zinahakikiwa, binti anaweza kuficha picha zake mpaka aridhike na anayeomba. Kifurushi cha miezi mitatu ni rupia 4,500. Kile cha kupewa mshauri wa kukupigia simu ni 18,000, na Kaku alilipa hicho.

Sasa nije kwenye kisanduku. Chini kabisa ya ukurasa wa mapendeleo, mahali ambapo hufiki bila kukitafuta, kipo kisanduku cha kuweka tiki: tabaka lolote sawa. Mwanawe Kaku, mhandisi kule Hinjawadi, kijana mpole asiyebishana na mama yake hata juu ya chumvi, alikiwekea tiki usiku mmoja bila kumwambia mtu. Asubuhi orodha ilikuwa nyingine kabisa. Mabinti wa Kolhapur, wa Nagpur, wa Solapur, wahasibu, madaktari, mmoja mwalimu wa hesabu ambaye kijana alimsoma mara mbili nikiwa namwona. Kabla ya saa sita mchana mshauri akapiga simu. Hakumpigia kijana, alimpigia mama, maana namba iliyosajiliwa ni ya mama. Kwa adabu zote akauliza kama familia ina habari kwamba kisanduku fulani kimewekwa tiki, huenda mtu kateleza kidole. Kwa miezi yote ya kifurushi, hiyo ndiyo mara pekee huduma kwa wateja ilipofanya kazi kwa kasi hiyo. Tiki ikaondolewa, mwalimu wa hesabu akatoweka kwenye kioo.

Nilimsimulia mwenzangu wa kazini, mtu wa Nagpur. Alicheka, kisha akanifungulia akaunti yake kwenye tovuti hiyo hiyo. Yeye ni Mbudha. Babu yake alikuwemo kwenye umati wa Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956, siku Dkt. B. R. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, alipouacha Uhindu hadharani akaingia Ubudha na laki za Wadalit wakamfuata. Kubadili dini hakukumfuta kwenye hesabu za wengine. Anaandikiana na binti wiki nzima, vizuri tu, mpaka lije swali la jina la ukoo, maana mara nyingi ndilo linalofichua tabaka. Asipolitaja, swali huja kwa mlango wa nyuma: ulipata nafasi ya ngapi kwenye mtihani wa kuingia chuo cha uhandisi? Mgeni atadhani ni kupimana akili. Kwenye vyuo vya serikali kuu asilimia 15 ya nafasi zimetengewa Wadalit, na muulizaji anataka kujua kama uliingilia huko. Akijibiwa, anakaa kimya. Mwenzangu alinionyesha wasifu wenye tiki ya "tabaka lolote sawa", na mistari miwili chini yake, kwa mkono wa baba mtu bila shaka: "Dalit na watu wa makabila ya asili, samahani."

Ambedkar huyo huyo, akiwa mwanafunzi wa miaka 25 pale Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1916, alisoma mada akieleza kwamba kinachoshikilia mfumo mzima ni kuoana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1948, akiwa waziri wa sheria, alimuoa daktari aliyezaliwa kwenye familia ya Kibrahmin. Katiba aliyoongoza kuiandika imefuta kutoguswa kwa ibara ya 17, na ibara ya 15 inakataza kumzuia mtu kwenye duka, hoteli au kisima kwa sababu ya tabaka lake. Kuchagua mkwe hakumo, na sioni sheria ingeingiaje humo. Serikali imejaribu kwa fedha: tangu 2013 ulikuwepo mpango wa kuwapa maharusi rupia 250,000 ikiwa mmoja wao tu ni Dalit. Lakini ile sheria ya ndoa ya 1954, inayotumiwa sana na wanaooana nje ya dini zao, inataka tangazo likae wazi siku 30 kabla ya kufunga, muda tosha kabisa kwa wajomba kupanda treni. Utafiti mkubwa wa kaya wa 2011 na 2012 ulikuta ndoa za kuvuka tabaka ni kama asilimia 5 tu. Na Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, walipouliza, kwenye ripoti yao ya 2021, asilimia 64 ya Wahindi walisema ni muhimu sana kuwazuia wanawake wa jamii yao wasiolewe nje ya tabaka.

Kaku akisikia haya hukasirika. Husema hao ni watu wa vijijini, sisi hapa hatubagui, na ni kweli kwamba alinipangisha mimi mgeni wakati nyumba mbili jirani walinifungia mlango. Ila dada anayekuja kuosha vyombo ana kikombe chake, kinakaa dirishani peke yake, na chai yake humiminwa kutoka juu kidogo. Sijawahi kuuliza. Nadhani ningejibiwa kuhusu usafi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kama unatafuta Deshastha wa gotra nyingine, mrefu kiasi, asiyekula nyama, ndani ya kilomita 200, nampa nne. Mshenga wa miguu angetumia mwaka. Kama unatafuta mke tu, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya kasi ya seva. Kifurushi cha mshauri usikinunue, fedha hairudi hata ukikatisha mwezi wa kwanza. Na wewe kijana, fungua akaunti kwa namba yako mwenyewe ya simu.